Usikate mguu wa tatu wa fishi



Kila mwaka wengi wetu tunavuka mpaka. Mmoja anakwenda konje kwa jamaa zake Kitwe ao Ndola. Mwingine anatumwa na kazi kufanya mafunzo Afrika ya Kusini ao Ubelgiji. Mama mwenye biashara anapanda basi mpaka Dar es Salaam, ao ndege mpaka Dubai. Wote wanarudi na mzigo, na ndani ya mzigo kuna karibu kila mara chombo cha umeme: pasi, birika, resho, radio, frigo ndogo. Bei ilikuwa nzuri, chombo kinang'aa, na nyumba nzima inafurahi.

Kisha fishi inakataa kuingia katika prizi. Hapo ndipo hatari inaanza.

Baba wa nyumba, ambaye tangu asubuhi alikuwa mtu wa akili kazini, anachukua kisu. Anakata fishi, anamenya waya mbili, na ule wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, anaukunja nyuma kama kitu kisicho na maana. Kisha anasukuma zile waya uchi ndani ya prizi na kuzikaza kwa vijiti vya kiberiti. Taa ya pasi inawaka. Anasema: «Unaona? Inatembea.»

Kweli, inatembea. Lakini mimi msaidizi wa munganga ninasema wazi: siku hiyo baba huyo ameondoa kitu kimoja tu katika pasi ile, nacho ni kitu kilichowekwa kwa kuchunga uhai wa bibi yake.

Mpaka unapita ndani ya prizi

Kwa nini fishi za Zambia hazifanani na zetu? Sababu ni ya zamani. Huku kwetu umeme uliletwa na Wabelgiji, kule ulifuata kanuni za Waingereza. Mpaka wa Kasumbalesa unapita barabarani, lakini unapita pia ndani ya prizi.

Prizi ya namna ya Ubelgiji na Ufaransa, tunayoizoea, ina matundu mawili ya mviringo, na kijiti kimoja cha chuma kinachotokea nje. Kijiti hicho ndicho teri, maana yake njia ya kupeleka umeme udongoni. Fishi yake ina tundu la kupokea kijiti hicho. Fishi nyingi za siku hizi zina pia bati mbili za pembeni, kwa sababu Ujerumani teri inashikwa pembeni. Fishi ya namna hiyo inafaa nchi hizi zote.

Fishi ya Uingereza, iliyowekewa kanuni mwaka 1947, ina miguu mitatu bapa. Unaikuta Zambia, Tanzania na Dubai. Mguu wa juu ni mrefu kuliko mingine. Huo ndio teri: unaingia wa kwanza na kufungua vifuniko vidogo vinavyofunga matundu mawili ya chini. Tena ndani ya fishi hiyo kuna fusibule. Afrika ya Kusini wana fishi kubwa ya miguu mitatu ya mviringo, na mguu mnene kupita mingine ni teri. Marekani wana miguu miwili bapa na myembamba, na mara nyingi wa tatu wa mviringo kwa teri.

Umeona? Sura ni mbalimbali, lakini karibu kila taifa limefikiria mguu wa tatu. Hawakuuweka kwa mapambo.

Mguu wa tatu unafanya kazi gani?

Fikiri juu ya pasi. Ndani yake waya wa fazi unaleta volti 220. Siku moja, kwa joto, kwa kuanguka ao kwa uzee, waya huo unaachia mahali pake na kugusa chuma cha pasi. Kama teri iko, na imefungwa vizuri, umeme unapata njia ya kwenda udongoni, disjonkteri inaruka, na nyumba inabaki giza. Mama anakasirika kwa sababu ya giza, lakini yuko mzima.

Kama teri imekatwa, hakuna kinachoruka. Pasi inabaki kimya, chuma chake chote kimejaa umeme, kinangoja. Anayekuja kuishika ndiye atakayekuwa waya wa tatu. Umeme utapita mkononi, kifuani na miguuni mwake mpaka udongoni. Kama amesimama bila viatu juu ya simenti iliyolowa, ao ametoka kufua na mikono ina maji, ngozi yake haiwezi kuuzuia.

Ni umeme kiasi gani unaotosha kuua? Ampuli ya wati 60 katika volti 220 inakula miliampere 270 hivi. Mwili wa mtu hauhitaji nusu ya hiyo. Karibu na miliampere 10 misuli inakaza, na mkono unashindwa kuachilia kile unachoshika. Kutoka miliampere 30, ikidumu, pumzi inaweza kufungwa na moyo kupotewa na mwendo wake. Ndiyo sababu disjonkteri diferensiali, ile inayochunga watu, inatengenezwa kuruka kwa miliampere 30. Disjonkteri ya kawaida ya ampere 16 inachunga waya zisiungue, haikuchungi wewe. Teri na diferensiali ni kama viatu viwili: vinatembea pamoja.

Chombo kimoja tu kinaruhusiwa kutembea bila teri: kile kilicho na alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Alama hiyo inasema kwamba chombo kina ukinzo mara mbili, chuma chake hakiwezi kukutana na waya kwa urahisi. Chaji nyingi za telefone, radio na mashini za kunyoa ziko namna hiyo. Lakini pasi, frigo, birika ya chuma, resho na mashini ya kufua karibu zote zinahitaji teri.

Adaptateri inageuza sura, haigeuzi nguvu

Wengi wanaamini kwamba wakinunua adaptateri mambo yote yamekwisha. Hapana. Adaptateri ni kama kofia: unabadilisha kofia, kichwa ni kile kile.

Kwanza, geuza adaptateri na kutazama upande unaoingia ukutani. Kama una vijiti viwili tu, bila tundu la teri na bila bati za pembeni, basi teri imekatika pale. Fishi yako ina miguu mitatu, lakini wa tatu unaishia hewani. Adaptateri hiyo inatosha kwa chaji ya telefone. Kwa pasi, hapana.

Pili, adaptateri haigusi volti. Kwetu tunahesabu volti 220 na hertz 50. Zambia, Tanzania, Afrika ya Kusini na Ubelgiji wanaandika 230 na hertz 50, hakuna tofauti ya kuogopa. Lakini Marekani na Kanada ni volti 120 na hertz 60, na Japani ni volti 100. Chombo cha kule ukikichomeka hapa kinapokea karibu mara mbili ya nguvu kiliyozoea.

Usifikiri kwamba mara mbili ya volti ni mara mbili ya moto. Ni mara nne. Pasi ya volti 110 na wati 1000, ukiiweka kwenye volti 220, kwa hesabu inajaribu kula wati 4000. Haidumu dakika nyingi: inaungua, na pengine inaunguza meza na pazia pamoja nayo.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa makuta yako, geuza chombo na kusoma kibati kilichobandikwa chini ao nyuma. Maandishi ni madogo, lakini si magumu:

– Kama imeandikwa «100-240 V, 50/60 Hz», chombo kinakubali umeme wa karibu nchi zote. Unatafuta tu fishi inayofaa.

– Kama imeandikwa «220-240 V, 50 Hz», kinafaa kwetu na kwa majirani zetu. Usikipeleke Marekani.

– Kama imeandikwa «110 V», «120 V» ao «100 V» peke yake, usikichomeke kwetu bila transfo. Na transfo iwe na wati kupita zile za chombo.

– Kama hakuna kibati, ao kimefutika, kiache kwa mwenye duka.

Jua pia kwamba transfo haibadilishi hertz. Frigo ao feni iliyofanywa kwa hertz 60 itazunguka polepole kwa hertz 50, na mota yake inaweza kupata moto kupita kiasi. Hata saa ya ukutani yenye mota ya hertz 60 itapoteza dakika 10 katika kila saa moja.

Ninaweka mkazo juu ya vyombo vya afya. Mara nyingine jamaa aliye Marekani anatuma mashini ya kumvutisha dawa mtoto mwenye pumu. Ni zawadi ya upendo. Lakini kama ni ya volti 120 na mtu anaichomeka moja kwa moja, itaungua usiku ule ule mtoto anapokosa pumzi. Chombo cha namna hiyo, kilete kwanza kwenye dispansari na kwa fundi wa umeme. Tusome kibati pamoja wakati mtoto ni mzima.

Rangi za waya zinadanganya

Huyu anayekata fishi anafuata rangi, tena rangi za nchi moja si rangi za nchi nyingine. Kwa kanuni ya Ulaya ya leo, kahawia ni fazi, buluu ni netri, kijani na manjano ni teri. Katika waya za zamani za Waingereza, nyekundu ilikuwa fazi na nyeusi ilikuwa netri. Marekani, nyeusi ndiyo fazi na nyeupe ni netri. Unaona mtego: nyeusi moja, mahali pengine inaleta umeme, mahali pengine inaurudisha. Kubadilisha fishi ni kazi ya fundi mwenye chombo cha kupimia. Akifika, mwambie aweke fishi ya namna ya Ubelgiji, afunge waya zote tatu, na akuonyeshe kwamba prizi yako kweli ina teri nyuma yake.

Wewe unayekwenda kulala ugenini

Hatari haiko katika kurudi tu, iko hata katika kwenda. Mfanyakazi anayefika Zambia na chaji ya fishi mbili za mviringo anakuta prizi imefungwa vifuniko. Rafiki anamfundisha ujanja: sukuma kalamu katika tundu la juu, vifuniko vitafunguka, kisha ingiza fishi yako. Usifanye. Fishi haikai imara, inacheza na kutoa cheche, na umeruka ile fusibule ambayo ilipashwa kuwa ndani ya fishi. Nunua adaptateri nzuri ya miguu bapa mbele ya safari.

Katika hoteli za namna ya Waingereza utaona pengine prizi ndogo katika chumba cha kuoga. Ni ya mashini ya kunyolea tu. Usichomeke pale pasi wala mashini ya kukaushia nywele. Usichukue ralonji kuingiza umeme chumbani mwa kuoga. Usiweke birika, pasi na resho juu ya multiprizi moja. Na chombo ambacho waya wake umepasuka, usikifunge kwa kitambaa ao plasta ya kidonda. Plasta ni ya ngozi.

Wale wanaosema «hakuna shida»

Ninajua majibu. Wa kwanza anasema: «Miaka 10 ninafanya hivi, hakuna aliyekufa.» Ndugu, kofia ya kazi unavaa kila siku, na jiwe halianguki kila siku. Unaivaa kwa ajili ya siku moja usiyoijua. Teri ni vile vile.

Wa pili anasema: «Prizi za nyumba yetu ni za zamani, hazina teri.» Huyu anasema ukweli, na ninamheshimu. Nyumba nyingi za kambi zina prizi za matundu mawili tu. Fishi inaingia vizuri, lakini hakuna kitu nyuma. Lakini jibu si kukata mguu wa tatu. Jibu ni kutafuta fundi, apige chuma cha teri udongoni, aweke diferensiali, na kuanza na prizi mbili tu: ya jikoni, na ile ya kupigia pasi. Katika kungoja, tumia vyombo vya mraba mbili, ao pasi ya makaa kama mama zetu.

Wa tatu anasema: «Fundi ni bei.» Ndiyo, fundi ana bei. Lakini linganisha na bei ya frigo uliyoleta, na duane uliyolipa, na basi. Umetoa makuta yote hayo ili chombo kifike nyumbani, kisha unakosa ile ndogo ya kukifanya kisiue mtu.

Na ninaongeza neno moja linaloniuma. Kazini, hakuna mmoja wetu anayethubutu kugusa mota mbele ya kukata umeme, kutia kadena na kutundika karatasi nyekundu yenye jina lake. Tunajua kwa nini. Lakini mtu huyo huyo akipita geti jioni, anaacha akili ile pamoja na kofia yake. Na anayelipa deni si yeye. Si yeye anayepiga pasi. Si yeye anayefungua frigo miguu uchi. Ni bibi yake, ni binti yake, ni mtoto mdogo anayetambaa na kuvuta waya. Usalama unaoishia getini ni nusu ya usalama.

Kama mtu amekamatwa na umeme

Jifunzeni maneno haya katika nyumba, hata watoto wakubwa:

1. Usimguse. Kata umeme kwanza: disjonkteri, ao kuvuta fishi ikiwa ni kavu. Kama huwezi, simama juu ya kitu kikavu na umsukume waya kwa fimbo kavu ya mti. Usitumie chuma, wala mti mbichi, wala kitambaa chenye maji. Kama ni waya mkubwa wa barabarani umeanguka, usikaribie hata kidogo. Ita watu wa umeme.

2. Usimmwagie maji ili «aamke».

3. Umeme ukikatwa, mwite, tazama kama anapumua. Kama hapumui vizuri, mtu mmoja akimbie kutafuta msaada, na wewe mlaze chali juu ya kitu kigumu. Weka mikono miwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu, sentimeta 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Anayejua kupuliza pumzi apulize mara 2 baada ya kila mikandamizo 30. Usichoke mapema. Endelea mpaka apumue ao msaada ufike.

4. Mahali palipoungua, pitisha maji safi ya baridi kwa dakika 20, umeme ukiwa umekatwa tayari. Usipake mafuta ya ngazi, dawa ya meno, wala chumvi. Funika kwa kitambaa safi.

5. Mlete hopitali, hata kama anasema «nimepona». Umeme unaingia kwa alama ndogo kama mbegu, lakini njia yake ndani ya mwili ni ndefu, na moyo unaweza kusumbuka nyuma. Mama mwenye mimba aje kila mara, hata kama mshtuko ulikuwa mdogo.

Ombi langu

Kwa wakubwa wa kazi ninaomba mambo mawili. Mfanyakazi anayetumwa mafunzo nchi nyingine apewe, pamoja na tiketi, adaptateri yenye teri na maelezo ya nusu saa. Na mara moja kwa mwaka, mbele ya konje kubwa, mafundi wa umeme wakubali kukaa siku moja katika kambi, ili kila nyumba ilete pasi yake na resho yake vitazamwe. Mafundi tunao, vyombo vya kupimia tunavyo.

Kwako, ndugu, ninaomba jambo moja tu. Leo jioni, ukifika nyumbani, usiketi mara moja. Zunguka nyumba yako na kuhesabu fishi zilizokatwa mguu, na waya zilizokazwa kwa kiberiti. Utakayoikuta, ing'oe, na kuiweka kando mpaka fundi afike. Nguo zisizopigwa pasi wiki moja hazikumfedhehesha mtu yeyote.

Kinga ni bora kuliko tiba. Sisi wa dispansari tunapenda kukuona, lakini tunapenda zaidi kukuona sokoni.